Punguza Besi, Nisikie Maneno

Najua kabisa wapo washikaji watakaolitupa jarida hili uvunguni wakishamaliza aya hii, na wa kwanza wao ni jirani yangu wa chumba cha tatu, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwema sana kuanzia alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo anarudi nyumbani, anaoga, anawasha sabufa, na wema wote unaishia hapo. Basi na alitupe. Mimi nasema wazi bila kupepesa macho: vijana wa mjini hatujui kusikiliza muziki, na chanzo chake ni kile kitufe kimoja kilichoandikwa BASS, ambacho tangu chombo kitoke dukani kimezungushwa mpaka mwisho na hakijawahi kurudi.

Usinielewe vibaya lakini. Sisemi sabufa ni kitu kibaya. Sabufa ndiyo mali ya kwanza ya kijana anayeanza maisha. Godoro, ndoo, jiko, sabufa. Na wapo tunaowajua walioanza na sabufa, godoro likafuata mwezi wa nne. Mimi mwenyewe ninayo, ya spika mbili ndogo na boksi moja kubwa, niliinunua kwa pesa ya kubeba tofali, na siku ile niliyoipandisha ngazi za daladala nimeikumbatia kama mtoto mchanga sijawahi kuisahau. Kwa hiyo anayezungumza hapa si mzee anayechukia vijana. Ni mkosaji mwenzenu.

Mwaka jana bibi yangu mzaa mama alikuja mjini kutibiwa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alikaa chumbani kwangu wiki sita, yeye kitandani, mimi chini. Mtu asiyeona vizuri masikio ndiyo dirisha lake, basi jioni moja nikasema nimfurahishe. Nikamtafutia kwenye simu wimbo mmoja wa marehemu Marijani Rajabu, yule waliyemwita Jabali la Muziki, aliyefariki mwaka 1995, wimbo ambao nilikuwa nao miaka mitatu na nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu kuwa mimi ni mtu wa zilipendwa. Nikafungulia. Besi mwisho, kama kawaida. Bibi akasikiliza kidogo, akatega sikio, akaniuliza kwa ule utani wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, huyu anayetwanga atamaliza saa ngapi nimsikie anayeimba?"

Nilicheka. Halafu nikazima, akaanza kuusema wimbo ule mwenyewe, taratibu, ubeti kwa ubeti, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndugu msomaji, mle ndani mlikuwa na kisa kizima. Mtu, tamaa yake, aibu yake, na mwisho wake. Miaka mitatu nimekuwa nikikitingishia kichwa kisa ambacho sikuwahi kukisikia! Mimi, niliyejaza madaftari matatu ya riwaya ambayo bado haijapata mchapaji, mimi ninayejiita mtu wa maneno. Usiku ule nilijilaza pale chini nikaona haya, si kidogo.

Tangu hapo nimeifanya kazi ya kujua ni nini kilitokea kati ya mdomo wa Marijani na sikio langu.

Sauti ya mwanamume anayezungumza, ule mvumo wake wa chini, huanzia kama hezi 85 hivi kwenda juu. Ya mwanamke ni juu zaidi. Lakini maneno hayakai chini huko. Kinachotofautisha fika na pika, na shika, na zika, ni konsonanti, na nguvu yao nyingi ipo juu ya hezi 2,000. Sabufa haihusiki nazo kabisa. Kazi yake ni hezi zile za chini, 40, 60, 100: teke la ngoma na waya nene za gita la besi. Sasa sikio la binadamu lina tabia yake moja ya ajabu. Sauti nene ikizidi hufunika sauti nyembamba kirahisi sana, lakini nyembamba haiwezi kuifunika nene kwa urahisi huo. Ndivyo tulivyoumbwa. Kwa hiyo ukipandisha besi kupita kiasi huongezi kitu juu ya wimbo, bali unatandika blanketi juu yake, na la kwanza kufunikwa ni neno.

Ongeza na hili. Vyombo vyetu vya bei ya chini vinagawana umeme mmoja kati ya boksi kubwa na spika ndogo. Besi ikivuta kwa nguvu, wengine wanabaki na makombo. Sikiliza vizuri sabufa iliyofunguliwa mwisho: kila ngoma inapopigwa mwimbaji anazama, halafu anaibuka, halafu anazama tena, kama mtu anayeoga baharini na hajui kuogelea. Ukiendelea kupandisha, sauti inaanza kukwaruza. Kile siyo kishindo cha muziki, ni amplifaya imefika mwisho wa nguvu yake, inakata vichwa vya mawimbi. Ikikaa hivyo muda mrefu, mara nyingi wanaoungua kwanza ni vile vispika vidogo vya juu. Ukienda kwa fundi anakwambia ni umeme wa mtaa. Umeme wa wapi, bwana!

Na hapa niwashukie wauzaji. Boksi la karatasi linaandikwa wati 10,000 PMPO, kwa wino mwekundu, na picha ya moto. Hiyo PMPO haina kipimo chochote kinachokubalika, kila mtengenezaji anaandika anavyojisikia. Geuza chombo nyuma usome kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme: utakuta kinakula wati 40, au 60. Chombo kinachokula wati 60 ukutani kitatapikaje elfu kumi? Halafu ujue kuwa hata ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua kwa taabu. Lakini kijana ameshaahidiwa elfu kumi, anafika nyumbani, haoni elfu kumi, basi anakizungusha kitufe akizitafuta zilipo. Anazitafuta usiku kucha na sisi tukiwa macho naye.

Wapo watakaosema: dogo, wewe hujui, besi ndiyo utamu wenyewe. Nawajibu kwa heshima, kwa sababu katika hoja yao mna ukweli. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell huko Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, hasa zikiwa ndogo. Kwa vipimo vya siku hizi, sauti ya hezi 50 inahitaji kufika zaidi ya desibeli 70 ili sikio liione sawa na sauti ya kati ya desibeli 40 tu. Kwa hiyo mtu anayesikiliza polepole usiku, na akaona besi imepotea, hajadanganyika. Imepotea kweli, masikioni mwake. Ana haki ya kuiongeza kidogo.

Kosa linakuja baadaye. Jumamosi anapandisha sauti nzima, na ile besi aliyoiongeza kwa ajili ya usiku ameiacha palepale. Sasa sikio limeshaamka, halihitaji msaada ule, na kwenye sauti za chini desibeli chache tu zinatosha kufanya kishindo kiwe maradufu. Ndiyo maana nasema kiwango cha sabufa hupangwa kwa sauti ile unayosikilizia kweli siku nyingi, siyo sauti ya kumwonyesha mgeni.

Na utamu je? Nani aliyewaambia utamu ni kiasi? Chumvi ni utamu. Hebu mwaga kopo zima kwenye mchuzi. Wazee wetu wa ngoma walilijua jambo hili kabla ya kampuni yoyote ya vyombo kuzaliwa. Mpiga ngoma huikanza ngoma yake kwenye moto, anaipiga kidole, anasikiliza, anairudisha motoni, anaipiga tena, mpaka ngozi iseme anachotaka yeye. Anapima! Watu wanamngoja, hakuna anayemwambia afanye haraka. Sisi wenye umeme na rimoti ndio tumeshindwa kupima.

Waandishi wenzangu wachanga mnisamehe nikiwagusa nanyi. Nimesoma miswada ya marafiki, na wangu nimo, ambayo besi yake imefunguliwa mwisho tangu mstari wa kwanza. Ukurasa wa kwanza damu, wa pili kilio, wa tatu radi inapiga na mama anaanguka chini kwa mshtuko. Ukifika pale palipotakiwa kishindo kweli, msomaji ameshakuwa kiziwi. Basi, nimelisema, naendelea na sabufa.

Turudi chumbani. Vyumba vyetu vingi vya kupanga ni futi kumi kwa kumi, mraba kamili. Kidato cha tatu mwalimu wa fizikia alitufundisha habari za wimbi linalonasa ndani ya bomba, mimi nikiwa nasoma riwaya chini ya dawati. Nimelipa gharama yake juzi juzi. Sauti husafiri hewani karibu mita 347 kwa sekunde kwenye joto letu hili la pwani. Chumba cha mita tatu kinaipenda sana sauti ambayo nusu ya wimbi lake inaenea sawasawa kati ya ukuta na ukuta: gawanya 347 kwa sita, unapata hezi 58 hivi. Kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za upande na za mbele zote zinaipenda sauti ileile, inajumlishwa. Waya wa tatu wa gita la besi ukiachwa wazi unatoa hezi 55, pua na mdomo na hiyo. Ndiyo sababu kwenye chumba chako noti moja inavuma kama lori limepita na noti nyingine za jirani yake huzisikii. Unadhani una besi nyingi. Una noti moja, na inakurudia. Dirisha likiwa wazi inapungua kidogo, lakini mbu wanaingia.

Na sasa sikilizeni jambo lililoniuma kuliko yote. Wimbi hilo linapokuwa limenasa, katikati ya chumba ndipo lilipo dhaifu kabisa, na kutani ndipo lenye nguvu. Mwenye sabufa anasimama wapi? Katikati, anacheza. Anaona besi haitoshi, anapandisha. Jirani kitanda chake kiko wapi? Kimeegemea ukuta uleule, upande wa pili, kichwa kikigusa tofali. Na sauti za chini ndizo ambazo ukuta unashindwa kuzizuia. Maneno yanabaki ndani, kishindo kinatoka. Kwa hiyo fundi wangu wa mageti anapandisha sauti ambayo yeye mwenyewe haipati vizuri ili aniletee mimi, nisiyeiomba, wimbo usio na maneno. Nani anafaidi hapo? Hata mwizi anafaidi anachoiba.

Huko Marekani mwaka 1974 walitoa filamu ya tetemeko la ardhi, Earthquake, wakafunga kwenye kumbi za sinema maspika makubwa ya sauti za chini ili watazamaji watikiswe kwelikweli. Katika ukumbi mmoja maarufu wa Los Angeles, Grauman's Chinese Theatre, iliwabidi watandaze wavu chini ya dari ili plasta ikibanduka isiwaangukie watu. Wenzetu walau walitandaza wavu. Sisi dari ni silingibodi iliyoliwa na panya, na chini yake kalala mtoto.

Nimemtaja mtoto, na sikutaka kufika hapa, lakini nikinyamaza makala haya yatakuwa ya mnafiki. Kabla bibi hajaja, usiku mmoja wa mwezi wa tano, mama wa chumba cha mwisho mwanawe alishikwa na degedege. Kila mtu pale nyumbani anajua kuwa mimi ndiye mwenye namba ya dereva wa bajaji anayelala mtaa wa pili. Akaja mlangoni kwangu. Akapiga hodi. Akagonga, akagonga, akaita jina langu. Mimi nilikuwa ndani, macho makavu, nimekaa kitandani na daftari mapajani, sabufa inatwanga. Sikusikia. Alivuka barabara peku na mtoto mgongoni akaenda kugonga nyumba nyingine. Mtoto alipona, yupo, anacheza, hunitania kwa kuniita mjomba sabufa. Mama yake hakunisema hata siku moja. Asubuhi alipita, nikamwamkia, akaitika, akaniambia tu, "Jana nilibisha hodi kwako, nikajua umelala."

Nikamwacha ajue nimelala.

Hodi ni neno dogo, silabi mbili, husemwa na mtu aliyesimama nje akiwa na shida au na chakula. Nyumba ambayo hodi haiingii ni gereza lililopakwa rangi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuwa haya mambo ya kupima besi ni ubishoo wa watu wenye nafasi.

Na upande wa pili, sikubaliani pia na wale wanaotaka marufuku. Mwenye nyumba wetu alishawahi kukata umeme wa nyumba nzima kwa sababu ya sabufa moja, akauchelea mchele wa watu wote uliokuwa kwenye jiko la umeme. Serikali nayo ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Ni vizuri ziwepo. Ila vipimo vingi vya kelele husomwa kwa mizani inayoitwa A, ambayo imetengenezwa kufuata sikio linavyosikia sauti ndogo, na mizani hiyo inaipunguza sauti ya hezi 50 kwa desibeli 30 nzima. Ukienda kushitaki besi kwa mizani ya A, inawezekana kipimo kikaona panya mahali ulipoletewa tembo. Kwa hiyo jambo hili linaanzia chumbani, kwenye kidole cha mwenye kitufe.

Wapo pia wataalamu, wale wenye vyombo vya mamilioni, wanaotucheka: ati hiyo yako siyo sabufa, ni boksi la mbao laini lenye tundu, usijisumbue kuipima. Nawaambia, duni ndiyo inayotaka kupimwa zaidi. Gari zima hata dereva mlevi linakwenda. Bovu linataka dereva mwenye akili.

Mimi nilifanya hivi. Kwanza niliitoa sabufa kwenye kona, maana kona hukusanya kuta mbili na sakafu, na kila ukuta unaongeza besi bila wewe kuombwa. Halafu nikafanya kichekesho ambacho bibi alikisikia akacheka mpaka akakohoa: niliipandisha sabufa kitandani, palepale ninapoweka kichwa, nikafungulia wimbo wenye gita la besi linalotembea, noti baada ya noti, kisha mimi nikatambaa sakafuni kwa magoti kando ya kuta, nikisikiliza. Kuna mahali noti moja inavuma na nyingine zimekufa. Kuna mahali zote zinasikika sawa. Pale zinaposikika sawa ndipo unapoiweka sabufa, nawe unarudi kitandani. Njia hii inafanya kazi kwa sababu sauti kutoka A kwenda B hutendewa na chumba sawa na ikitoka B kwenda A. Kwangu ikawa ni chini ya meza, theluthi moja ya ukuta kutoka mlangoni.

Pili, nilirudisha BASS na TREBLE katikati, nikazima ikwalaiza ya simu, ile iliyoandikwa Rock na Club na upuuzi mwingine. Sabufa nikaishusha mpaka sifuri. Nikaweka redio, siyo muziki: taarifa ya habari, msomaji mwanamume. Nikapandisha sauti nzima mpaka kiasi cha kusikiliza usiku. Kisha nikaanza kuipandisha sabufa yenyewe, kidogo kidogo. Mwanzo msomaji ana sauti kama ya mtu anayeongea kwenye kopo. Unapandisha, anapata kifua. Unapandisha tena, anaingia ndani ya pipa, na sasa sauti inatoka mezani chini badala ya kutoka kwenye spika. Umepita! Vispika hivi vidogo vya inchi tatu haviwezi kushuka chini, kwa hiyo sabufa hubeba hata kipande cha sauti ya mtu, na ukizidisha ndipo anapokuwa pipa. Rudi nyuma, acha pale kifua kipo na pipa halipo. Kwenye chombo changu ilikuwa chini kidogo ya saa tano za kitufe, na zamani kilikuwa saa kumi na moja.

Tatu ndiyo kipimo cha simu, kwa mwenye moyo. Pakua programu ya kupima sauti, iweke kwenye mizani C badala ya A, na mwendo wa polepole. Tafuta ule mvumo wa majaribio unaofanana na mvua juu ya bati. Simu iwe kichwani pako. Washa spika peke yake, sabufa ikiwa sifuri. Tuseme inasoma 65. Chomoa waya za spika, pandisha sabufa mpaka nayo isome 65. Rudisha vyote, utaona kama 68. Amplifaya kubwa za sinema ya nyumbani hufanya mchezo huohuo, ila zenyewe hutuma mvumo kwa kila spika kwa zamu, na kawaida watu hulenga 75. Maikrofoni ya simu haisikii vizuri sauti za chini kabisa, kwa hiyo usiibusu namba kama aya ya kitabu kitakatifu. Namba ikigombana na msomaji wa habari, mwamini msomaji.

Usisahau waya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukizipishana, spika zinasukuma wakati sabufa inavuta, na pale zinapokutana wimbo unapungua mwili. Wengi wanaupandisha BASS kufidia kosa la waya. Kwenye chombo chenye swichi ya 0 na 180, jaribu zote mbili, chukua ile inayojaza.

Na mtihani wa mwisho: cheza wimbo, kisha zima sabufa peke yake ghafla. Ikiwa imepangwa vizuri, wakati iko hewani huwezi kunyoosha kidole ukasema iko pale. Ila ikizimwa utahisi kama mtu ametoka chumbani.

Bibi aliusikiliza wimbo ule tena. Hakusema kitu mpaka ubeti wa pili, akasema, "Eeh. Ametoka kinuni." Amesharudi kijijini, anaona sasa, anahesabu kuku wake mwenyewe.

Masikio yenu je? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kila ikipanda desibeli 3 muda unakatika nusu. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi hesabu nilipata D.

Wiki iliyopita fundi wa mageti aliniita. "Dogo, njoo unifanyie kile kichekesho cha kutambaa." Nilimwamkia, nikaingia. Tukapandisha sabufa yake kitandani, tukatambaa wawili, jitu zima lenye mikono ya kuchomelea, mkewe amesimama mlangoni ameshika mdomo. Tukakishusha kitufe kutoka mwisho hadi theluthi. Akaweka wimbo wake, ule anaoupiga kila Jumamosi akiwa na furaha, ule tunaoujua nyumba nzima kwa kishindo chake. Akasikiliza amekunja uso. Akaurudia toka mwanzo. Kisha akanigeukia.

"Kumbe jamaa anaomba msamaha?"

Jumamosi alikipandisha tena. Nikaenda mlangoni kwake nikapiga hodi. Ya kwanza hakuisikia. Ya pili alisikia.